Seli Zinazochelewa Kufa: Kwa Nini Vinyama vya Puani Huota Tena

Mgonjwa aliyetolewa vinyama vya puani kisha akaviona vimeota tena huuliza swali la haki: je, daktari alibakiza kitu? Mara nyingi jibu halimo katika kisu, bali limo katika seli ambazo zilipaswa kufa na hazikufa.

Seli zetu zina utaratibu wa kujiondoa. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie waliuita utaratibu huo apoptosisi, neno la Kigiriki linalohusu kupukutika kwa majani. Seli husinyaa, hugawanyika vipande vilivyofungwa na utando wake, navyo humezwa na seli nyingine pasipo tishu kuvimba.

Vinyama vingi, hasa vya watu wenye pumu, hujaa esinofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Kwa kawaida esinofili huishi siku chache tu. Ndani ya kinyama hukutana na protini iitwayo intalukini 5, ambayo huzuia kifo chao. Na baadhi yao huizalisha wenyewe, yaani hujirefushia maisha. Zikibaki, hutoa kemikali zinazojeruhi utando wa pua, nao hujaa maji na kuning'inia mfano wa zabibu iliyomenywa.

Isidhaniwe kwamba kifo chochote kinafaa. Esinofili ikipasuka badala ya kupukutika, humwaga nyuzi za DNA na protini inayogeuka fuwele za Charcot-Leyden. Kamasi huwa nzito kama gundi, na fuwele zenyewe huchochea uvimbe zaidi.

Dawa ya stiroidi ya kupulizia puani hufanya kazi, pamoja na mambo mengine, kwa kuzirudisha esinofili kwenye kifo cha utaratibu. Ajabu ni kwamba nutrofili, ndugu zao, hurefushiwa maisha na dawa hiyohiyo. Huenda ndiyo maana vinyama vyenye nutrofili nyingi huitii kidogo. Mepolizumab, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2021, huishika intalukini 5 yenyewe, ila bei yake ni kubwa mno kwa wagonjwa wengi.

Hapa ndipo matibabu mengi huharibikia: pua ikifunguka, mgonjwa huiacha chupa, na esinofili hupata tena nafasi ya kukaa. Dawa huendelezwa hata baada ya upasuaji, kwa kadiri daktari atakavyoelekeza. Mwenye pumu na vinyama ambaye hubanwa kifua akimeza aspirini au ibuprofeni aseme hivyo kabla ya kuandikiwa dawa ya maumivu. Kinyama cha upande mmoja, hasa kinachotoa damu, kichunguzwe kwanza, kwani huenda ni saratani.

Wakati wa kupuliza, kichwa kiinamishwe mbele kidogo, na ncha ya chupa ielekezwe upande wa nje, mbali na ukuta unaogawa pua, ambao hutoka damu upesi.