Soda Katika Nyama ya Kuchoma: Ifanyayo na Isiyofanya

Mtu apitaye jioni katika Mwanjelwa mjini Mbeya, au katika Kihesa mjini Iringa, huikuta harufu ya nyama kabla hajaliona jiko. Katika mabanda ya kuchomea, kando ya chumvi, ndimu na pilipili, si ajabu kuikuta chupa ya soda ambayo haikufunguliwa kwa ajili ya mnywaji. Mchomaji huimimina juu ya nyama iliyokatwa tayari, akaiacha ilowe kwa muda, kisha akaitandaza nyama juu ya wavu. Akiulizwa sababu, hutoa moja kati ya majibu matatu: soda hulainisha nyama, soda huipa nyama rangi nzuri, au soda huua minyoo. Majibu hayo hayana uzito mmoja. La kwanza lina ukweli kidogo, la pili lina ukweli mwingi, na la tatu ni kosa liwezalo kumdhuru mlaji. Tutayachunguza kwa zamu.

Kwanza yafaa tuondoe utata wa jina. Neno “soda” hutumika kwa vitu viwili ambavyo katika kemia ni kinyume kimoja kwa kingine. Iko soda ya chupa, yaani kinywaji kitamu chenye gesi, nayo ni tindikali. Iko pia soda ya jikoni, jamaa ya magadi yachimbwayo katika Ziwa Natron na Ziwa Magadi, nayo ni alikali. Mwanafunzi atakayetumbukiza karatasi ya litimasi katika vikombe viwili ataona tofauti hiyo papo hapo: katika soda ya chupa karatasi ya buluu hugeuka nyekundu, na katika maji ya magadi karatasi nyekundu hugeuka buluu. Jina limerithiwa kutoka huko nyuma, ambapo kaboneti za sodiamu zilitumiwa kutengenezea maji yenye mapovu.

Mapovu yenyewe ni kaboni dioksaidi iliyoshindiliwa katika maji kwa kanieneo kubwa. Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini wana sababu ya kuijua gesi hii kuliko wengine, kwa kuwa wilayani Rungwe, karibu na mlima wa volkano wa Kyejo, hutoka ardhini yenyewe, nayo hukusanywa, husafishwa na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji. Lakini katika nyama gesi hiyo haina kazi kubwa. Chupa ikifunguliwa kanieneo hushuka na gesi huanza kutoroka. Soda ikimiminwa juu ya nyama hutoa povu jingi kwa sababu uso wa nyama una mikwaruzo midogo inayosaidia mapovu kuumbika, kisha povu hutulia. Soda iliyokwisha gesi hufanya jikoni karibu kazi ile ile.

Vinavyobaki ni maji, tindikali, sukari, rangi na manukato. Tuanze na tindikali. Ukali wa tindikali hupimwa kwa kipimo cha pH: 7 ni katikati, na kila hatua moja kuelekea chini ni ongezeko la mara kumi. Soda ya kola ina pH ya 2.5 hivi, karibu sawa na maji ya ndimu. Hapa ndipo wengi hupotoka, kwa kudhani kwamba vitu viwili vyenye pH moja vina nguvu moja. Lita moja ya maji ya ndimu ina gramu 45 au zaidi za tindikali ya sitriki. Lita moja ya kola ina takriban nusu gramu tu ya tindikali ya fosfori. Nyama nayo ina protini nyingi zinazoweza kuimeza tindikali bila pH kubadilika sana. Kwa hiyo soda ikikutana na nyama, ukali wake humalizwa upesi kwenye tabaka la juu. Masimulizi ya kwamba kola huyeyusha pande la nyama kwa usiku mmoja hayana msingi.

Tena, tindikali kidogo si lazima iwe na faida. Nyama ya ng'ombe aliyechinjwa jana ina pH ya 5.5 hivi. Protini za misuli hushika maji machache kabisa pale pH inapokaribia 5.1. Ukiisukuma nyama kidogo tu kuelekea huko, unaiondolea uwezo wa kushika maji, na motoni itatoka kavu zaidi. Lazima uvuke chini sana ya hapo, kama afanyavyo mtu aliyeloweka kwa ndimu nyingi au siki, ndipo nyuzi zianze kuvimba tena. Magadi huisukuma nyama upande wa pili, juu ya 6 na 7, na huko nayo hushika maji zaidi na kulainika. Ndiyo maana kijiko kidogo cha soda ya jikoni hulainisha nyama kuliko chupa nzima ya soda ya kunywa. (Magadi ya kuchimbwa yana kasoro zake: huharibu vitamini B1, na yale ya maziwa ya kaskazini yana floridi nyingi inayotia meno madoa. Hayafai kuwa kiungo cha kila siku.)

Ugumu wa nyama yetu, hata hivyo, hautokani na nyuzi za misuli peke yake. Ng'ombe wengi wa asili, wale wenye nundu, huchinjwa wakiwa wamekomaa, na kano zao zina kolajeni iliyofungamana sana. Kolajeni hugeuka jelatini laini ikipata maji na joto la muda mrefu, kuanzia nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, na upesi zaidi inapopita 80. Hapa mwinuko wa nchi huingia katika hesabu. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 kama Dar es Salaam. Kwa kanuni ya jumla kwamba mwendo wa mabadiliko ya kikemia hupungua nusu joto likishuka kwa nyuzi 10, nyama iliyoiva kwa saa mbili pwani yaweza kudai saa tatu Mbeya. Mpishi wa nyanda za juu anayelalamika kwamba nyama “haiivi” hasemi uongo, wala hakudanganywa na mwenye bucha. Sufuria yenye mfuniko mzito, au jungu la kanieneo, humfaa kuliko soda.

Wazee walijua njia nyingine: kuifunga nyama katika majani ya mpapai au kuipaka utomvu wa papai bichi. Humo mna papaini, kimeng'enya kinachokata protini vipande vipande. Nanasi bichi lina kimeng'enya cha namna hiyo pia. Soda ya nanasi haina; ina harufu ya nanasi tu.

Sasa rangi, na hapa soda yastahili sifa. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100, yaani chupa ya mililita 350 hubeba karibu vijiko vidogo tisa. Sukari hiyo ni sukrosi, lakini ndani ya tindikali huvunjika polepole kuwa glukosi na fruktosi. Juu ya wavu maji hukauka, sukari hubaki kama asali nyembamba, na fruktosi huanza kuungua na kugeuka kahawia kwenye nyuzi 110 hivi, mapema kuliko sukari nyingine. Glukosi na fruktosi huungana pia na protini za nyama kuzaa rangi na harufu, katika mabadiliko yaliyoelezwa mwaka 1912 na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard. Kola, zaidi ya hayo, imetiwa rangi ya sukari iliyounguzwa tangu kiwandani. Katika majimbo ya kusini ya Marekani wapishi wamekuwa wakipika mapaja ya nguruwe kwa kola kwa miongo mingi, na sababu yao kubwa ni ng'ambi hiyo tamu ya kahawia. Wao lakini hupika kwa moto mdogo na kwa saa nyingi. Juu ya mkaa mkali wa kwetu sukari hupita kahawia ikawa makaa meusi na machungu kwa dakika chache. Afadhali soda ipakwe mwishoni. Kwa nyama ya kubanikwa kwa moshi, uso wenye unyevu na utamu hunasa moshi vizuri, ila sukari hushika maji, na nyama inayotakiwa kukauka ili ikae siku nyingi haitakauka upesi.

Rangi hiyo hiyo nzuri ndiyo inayotuleta kwenye jibu la tatu. Nyanda za Juu Kusini ni sehemu yenye nguruwe wengi, na tegu la nguruwe ni tatizo la kweli huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa Mbozi (wakati huo ikiwa katika Mkoa wa Mbeya) na Mbeya Vijijini, ulikuta dalili za maambukizo katika damu ya takriban theluthi moja ya nguruwe waliopimwa. Katika nyama, tegu hukaa kama vijifuko vyeupe vya milimita 5 hadi 10, kila kimoja na kichwa kidogo ndani. Si minyoo itambaayo, na hakuna soda itakayoifanya itoke nje. Mwanafunzi na afikiri hivi: kijifuko hicho kimeumbwa kupita katika tumbo la mtu, ambamo pH hufika 1 hadi 2, kali kuliko kola yoyote. Tindikali na nyongo humo husaidia kichwa kutoka na kujishikiza kwenye utumbo. Mdudu aliyezoea safari hiyo hatauawa na kinywaji.

Joto ndilo linalomwua. Pande la nyama likifika nyuzi 70 kotekote, hata katikati, vijifuko hufa. Lakini nyama iliyopakwa soda hupata sura ya kuiva mapema mno. Nje ni kahawia inayong'aa, ndani pengine haijafika nyuzi 50. Mlaji hupata tegu, na mayai yatokayo kwake, yakiingia katika chakula au maji kwa sababu ya uchafu wa choo na mikono, humwingia yeye au jirani yake na kufanya vijifuko hata katika ubongo, na kuleta kifafa. Jirani huyo huenda hajawahi kula nyama ya nguruwe.

Majaribio mawili yafaa kwa darasa, kwa nyama ya ng'ombe ili kila mwanafunzi ashiriki. Kata vipande vinne vya gramu 50 visivyo na mafuta. Loweka kwa saa mbili kimoja katika maji, kimoja katika soda, kimoja katika maji ya ndimu, na kimoja katika maji yenye kijiko kidogo cha soda ya jikoni. Pima kila kimoja kwa mizani na litimasi, vichemshe kila kimoja peke yake kwa nusu saa, kisha pima tena. Andika pia joto la maji yanayochemka na mwinuko wa shule yako. Cha soda na cha maji vitakaribiana sana. Kilichopoteza uzito mdogo kitakuwa cha alikali.

Kwa jaribio la pili chukua vipande viwili vya unene wa sentimita 4. Paka kimoja soda, kingine maji, uviweke pamoja juu ya mkaa na kuvigeuza sawasawa. Kile cha soda kikiwa kahawia kote, toa vyote viwili mara moja, choma katikati kwa kipimajoto cha spiriti (cha zebaki kisitumike, kwani chaweza kuvunjika), andika nyuzi, kisha kata na utazame umbali gani wekundu umebaki. Vipande hivyo visiliwe.