Somo la Jumamosi: Maneno ya Chini ya Gari



Wiki mbili zilizopita baba mmoja wa shule yetu alikuwa anabadilisha springi za nyuma za gari lake, na mwanawe wa miaka 11 ndiye aliyeshika jeki. Baba akasema, "Shusha, shusha kidogo." Mtoto akapandisha. Hakuumia mtu, kwa kuwa gari lilikuwa limekalia stendi na mkono wa baba ulikuwa mbali. Lakini mtoto yule anasoma hadithi nzima ya sungura na fisi bila kukwama! Neno lililompotea ni la kazi. Basi leo sungura apumzike, tuingie chini ya gari. Kwa maneno tu, jamani. Chini ya gari lenyewe mtoto haingii.

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Neno la zamani ni kamani, na bado mtawasikia wazee wakisema kamani ya saa. Gari dogo la hapa lina springi za kuzunguka, kama kamba iliyoviringwa. Hiace mliyopanda likizo kule nyumbani, iwe ni matatu au daladala, nyuma ina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kando ya springi kuna shokomzoba, au shokapu kama wanavyosema mafundi wengi. Kazi yake ni kuzuia gari lisiendelee kurukaruka baada ya tuta. Haibebi uzito, kwa hiyo gari likichuchumaa nyuma msiilaumu shokapu. Tazameni springi.

Kanuni yake aliichapisha Robert Hooke hapa hapa London mwaka 1678: uzito ukiongezeka mara mbili, springi inabonyea mara mbili. Tuseme mtoto wa kilo 40 akikaa nyuma gari linashuka sentimita 1. Akiongezeka mwenzake wa kilo 40, litashuka 2. Springi ikichoka hairudi tena urefu wake wa zamani, na gari linabaki limeinama hata likiwa tupu. Hapa Uingereza huwa zinavunjika pia. Baridi ikija barabara zinamwagiwa chumvi, kutu inaingia palipochubuka rangi, kisha yanakuja mashimo na matuta ya mitaa ya pembeni ya Kilburn High Road. Mara nyingi hukatika ncha ya chini, pale maji yanapotuama. Gari lenye springi iliyovunjika halipiti ukaguzi wa MOT.

Sasa vitenzi. Kiswahili kina herufi mbili zinazotendua kazi iliyotendwa: funga, fungua, kunja, kunjua, panga, pangua, ziba, zibua. Kitenzi kikiwa na o, zinakuwa -oa: chomeka, chomoa. Angalieni mtego, maana nunua si kinyume cha nuna! Na kaza ina njia yake, kinyume chake ni legeza. Panda na shuka ni vya gari lenyewe. Ukilifanya wewe, unalipandisha na unalishusha. Hapo ndipo kijana wetu alipopotea.

Tuvitumie kazini. Kwanza pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto, uandike. (Ukipima kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya.) Mahali pawe tambarare. Weka kabari magurudumu ya mbele, legeza nati za nyuma kidogo, pandisha gari, likalishe juu ya stendi, halafu ondoa magurudumu. Jeki peke yake haiaminiki hata dakika moja. Sasa jeki nyingine ishike ekseli. Fungua boliti za chini za shokapu, shusha ekseli polepole bila kuvuta mpira wa breki, na springi italegea yenyewe. Ichomoe. Chomeka mpya, ncha yake ikae sawasawa kwenye kikalio chake. Badilisha zote mbili hata kama imevunjika moja, la sivyo gari litasimama upande.

Pandisha ekseli, funga boliti, lakini zile zinazopita kwenye raba usizikaze kabisa bado. Rudisha magurudumu, shusha gari libebe uzito wake, ndipo ukaze. Ukizikaza gari likiwa linaning'inia, raba inajipinda, gari linakaa juu kuliko inavyotakiwa, na raba inachanika mapema. Jambo hili dogo ndilo linalorukwa sana.

Magari mengine springi imebanwa kuizunguka shokapu. Hizo mpelekeeni fundi mwenye vifaa, maana springi iliyobanwa ikifyatuka ni risasi. Mimi ni nesi: kuponda hakuna kitenzi cha kukutendua, na hospitalini pia hatunacho.

Wazazi wengine wameniuliza kuhusu kupandisha gari kama wafanyavyo mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kwa kutia raba nene juu ya springi. Kule kuna barabara za vumbi na mawe, wana sababu. Hapa sioni faida. Nyuma ikipanda mno, taa za mbele zinatazama chini, nawe huoni mbali. Ikilala mno, taa zinampiga machoni anayekuja mbele yako. Springi za kawaida hazina pa kurekebishia. Urefu sahihi unatokana na kununua springi ya gari lako hasa, kwa namba yake ya usajili, kwa kuwa hata magari ya jina moja hutofautiana springi.

Kazi ya nyumbani. Mzazi alisimamishe gari mahali salama, injini imezimwa. Pimeni ule ukingo wa nyuma gari likiwa tupu, kisha aingie mtu mmoja kiti cha nyuma, kisha wa pili. Andikeni sentensi sita zenye panda, pandisha, shuka, shusha, inama na inuka. Wasio na gari wapime kitanda cha springi, nacho kinafaa. Leteni daftari Jumamosi, na mzazi asisaidie tahajia.