Mahindi Mabichi Ndani ya Nyumba

Mkulima, fahamu ya kuwa katika mwaka 2004 huko Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 walipatwa na ugonjwa wa ini kwa kula mahindi yenye ukungu, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo huitwa sumukuvu, wala kupika hakuiondoi.

Usidhani ya kuwa watu wale hawakujua kuanika. Ukame ulikuwa umepunguza mavuno, njaa ikaingia, na mwenye mahindi akaogopa wezi. Kwa hiyo wengi waliyavuna kabla hayajakauka, wakayaweka ndani ya nyumba walimolala, penye joto na unyevu.

Basi baraza likikutana kupanga habari za afya, lisianze na mafundisho ya ukungu. Na liulize kwanza ni nani asiyeweza kulinda mahindi yake. Mjane aishiye peke yake atakeshaje uwanjani? Yafaa majirani washike zamu ya ulinzi, waanike pamoja juu ya majamvi, na ghala ziinuliwe juu ya nguzo. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita katika maziwa hata kwa watoto.