Mimba Inapohatarisha Maisha: Sheria, Kanisa na Nyumba Yenu



Mwezi huu tunajifunza jambo ambalo wengi hulisikia redioni na kubishana juu yake barazani, lakini nyumbani hawaligusi: sheria ya kutoa mimba. Someni pamoja, baba na mama.

1. Sheria ya Kenya yasemaje?

Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 inasema, katika Kifungu cha 26, kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Inasema pia kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu akiona panahitajika matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Maaskofu wetu waliipinga rasimu hiyo, wakiona kwamba neno "afya" linaweza kufungua mlango mpana. Kanuni ya Adhabu, iliyo ya zamani zaidi, iliweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe.

Kesi moja ilitokea karibu nasi. Mwaka 2019, katika Kaunti ya Kilifi, msichana aliyekuwa bado mdogo alitibiwa baada ya kupata matatizo ya mimba. Polisi walimkamata yeye pamoja na tabibu wake. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba kuwakamata na kuwashtaki hakukuwa halali, na kwamba huduma ya kutoa mimba, katika hali zilizotajwa na Katiba, ni haki. Hukumu hiyo ilikatiwa rufaa.

Wanaotetea haki hiyo husema: hofu ya polisi huwapeleka wanawake vichochoroni, na huko hufa. Wanaopinga husema: mtoto tumboni hana wa kumsemea isipokuwa sheria. Msiwadharau wa upande wa pili. Vifo wanavyovililia ni vya kweli.

2. Kanisa lafundishaje?

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, alithibitisha kwamba kutoa mimba kwa makusudi ni kosa zito daima. Lakini wengi wetu tumelielewa fundisho hili nusunusu. Shikeni mambo haya matatu:

(a) Mimba iliyoharibika yenyewe si dhambi ya mama. Asinyoshewe kidole, afarijiwe.

(b) Kumtibu mama mgonjwa si kutoa mimba kwa makusudi. Mimba ikitunga kwenye mrija, nje ya mfuko wa uzazi, mrija unaweza kupasuka na mama akafa kwa kuvuja damu ndani. Daktari akiuondoa mrija ulioathirika ili kumwokoa mama, hakusudii kumwua mtoto, ingawa mtoto hataweza kuishi.

(c) Aliyekwisha kutoa mimba hajafungiwa mlango. Mwaka 2016 Papa Fransisko alithibitisha kwamba kila padre anaweza kuondolea dhambi hiyo katika kitubio.

3. Na nyumbani Kililana?

Tuchukue mfano. Mke ana mimba changa. Usiku anashikwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, anaona kizunguzungu, damu inatoka kidogo. Jirani anasema, "Usiende hospitali, utaulizwa na polisi." Mume anawaza, "Wakiitoa mimba, tutakuwa tumetenda dhambi." Wanangoja kuche. Hapo si sheria wala Kanisa lililowazuia. Ni kutokujua.

Hospitali kuu ya kaunti iko kisiwani Lamu. Kutoka Kililana ni barabara mpaka Mokowe, kisha chombo. Saa moja ya kusitasita ni nyingi mno. Kwa hiyo, mke anapopata mimba tu, wekeni nauli ya dharura kando. Jueni ni dereva gani na nahodha gani wa kuamshwa usiku. Mume asipokuwepo, kwa kuwa yuko bandarini au shambani, mke asingoje ruhusa yake.

Sasa neno kwa akina baba. Mke anapokuambia, "Nina mimba," jibu lako la kwanza lina uzito. Ukisema, "Nyingine tena? Utajua mwenyewe!" umemwacha peke yake na hofu yake, na huenda kesho akatafuta dawa kwa siri. Huwezi kupinga kutoa mimba kanisani Jumapili, kisha Jumatatu ukaikimbia mimba uliyoitunga. Atetea uhai yule anayesindikiza kliniki, anayenunua chakula, na anayejifunza pamoja na mkewe mpango wa uzazi wa asili.

Nanyi akina mama, msifiche maumivu wala damu. Mficha maradhi kilio humfichua.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kila mmoja wetu anazijua dalili za hatari katika mimba?
2. Usiku wa leo kukitokea dharura, tutampigia nani, na fedha ziko wapi?
3. Mimba isiyotarajiwa ikija, au binti yetu akija na mimba, atakuta kwetu mlango wazi au fimbo?

Jibuni kwa ukweli, kisha salini pamoja.