Tundu la Moyo kwa Mtoto: Kifaa au Kufungua Kifua?

Mzazi anapoelezwa kwamba mwanawe amezaliwa na tundu kwenye moyo, swali la kwanza kumtoka aghalabu huwa hili: je, ni lazima kifua kifunguliwe? Mitaani husimuliwa habari za mtoto aliyezibwa tundu bila kisu na kurejea nyumbani baada ya siku chache, na anayezisikia hutamani mwanawe atibiwe vivyo hivyo. Wapo hata wanaokataa upasuaji kwa kuingoja njia hiyo. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa njia ya tiba huamuliwa kwanza na mahali tundu lilipo na ukubwa wake, wala si hofu ya kisu.

Katika tiba ya kifaa, daktari hutoboa tundu dogo kwenye paja na kupenyeza mpira mwembamba ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye moyo, huku akiutazama kwenye skrini. Kifaa chenyewe, ambacho kwa kawaida ni wavu wa nyaya laini za nikeli na titani, hupitishwa kikiwa kimekunjwa. Kikifika hufunguka pande zote mbili za ukuta wa moyo, mfano wa vifungo viwili vilivyobana kitambaa katikati. Nyama ya moyo hukifunika taratibu, na kwa takriban miezi sita mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande juu yake.

Lakini kifaa hakishiki hewani. Huhitaji ukingo wa nyama pande zote. Tundu lililo katikati ya ukuta wa vyumba vya juu mara nyingi huwa nao. Lililo karibu na vali, au mahali mishipa inapoingilia moyo, huwa halina, na kifaa kinaweza kuchomoka au kuizuia vali isifunge. Mtoto mchanga naye huenda akawa na mishipa myembamba mno kwa vyombo hivyo.

Kwa hao, kufungua kifua ndiyo tiba hasa, wala si adhabu ya waliokosa bahati. Mfupa wa kifua hukatwa, mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu, na daktari hushona kiraka juu ya tundu. Upasuaji wa namna hii kwa msaada wa mashine ulifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 huko Philadelphia, Marekani. Ni kweli kwamba uchungu wake ni mkubwa zaidi: mtoto hulazwa chumba cha uangalizi maalumu, hubaki na kovu, na mfupa huchukua wiki sita hivi kuunga. Katika muda huo asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapani. Nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hutoa tiba zote mbili.

Si kila tundu huhitaji kuzibwa. Madogo ya vyumba vya chini mengi hujifunga yenyewe, na mtoto huhudhuria kliniki tu. Tundu kubwa lililoachwa ni jambo jingine: damu nyingi hukimbilia mapafuni mwaka baada ya mwaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, na hatimaye midomo hugeuka rangi ya bluu. Ikifikia hapo, kuliziba kwa njia yoyote kunaweza kumuua mgonjwa.

Mtoto anayetokwa jasho na kuhema anaponyonya, asiyeongezeka uzito, au anayerudiwa na nimonia apelekwe zahanati mapema ili apewe rufaa ya kipimo cha moyo. Mwenye midomo au ulimi wa bluu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Familia isiyomudu gharama imwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuamua kurudi nyumbani.