Umri wa Kuolewa na Kitabu cha Ubatizo

Mwezi huu natujifunze jambo linaloletwa mara nyingi mbele ya wazee wa kanisa huku Nkome, nalo ni umri wa msichana kuolewa. Baba huja kuomba ndoa ya binti yake itangazwe. Akiulizwa miaka yake, hujibu, "Sheria inaruhusu." Basi yafaa tuijue sheria yenyewe, tusije tukakosa la kumjibu.

Sheria ya Ndoa ilitungwa mwaka 1971. Kifungu cha 13 kiliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, tena mahakama ikapewa uwezo wa kuruhusu hata mwenye miaka 14. Kifungu cha 17 kikasema msichana ambaye hajatimiza miaka 18 haolewi ila kwa ridhaa ya baba yake, na baba akiwa amekufa, ya mama. Hapo ndipo baba hupashika sana. Lakini hakisomi kifungu cha 16, kisemacho kwamba ndoa haifungwi ila wote wawili wameridhia kwa hiari yao. Ridhaa ya baba iliwekwa juu ya ridhaa ya binti, haikuwekwa mahali pake.

Mwanasheria mmoja, Rebeca Gyumi, alivipeleka vifungu vya 13 na 17 mbele ya Mahakama Kuu, akisema vyapingana na Katiba, maana vyawabagua wasichana. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama ikakubali, ikaiamuru serikali irekebishe sheria katika mwaka mmoja, umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufani, ikataja mila na dini, na kwamba msichana hupevuka mapema. Mahakama ya Rufani ikaikataa rufani hiyo tarehe 23 Oktoba 2019. Hata mwaka mmoja ukapita tena, sheria ilikuwa haijarekebishwa. Lakini neno la mahakama limekwisha kusemwa, na mtu asituambie kwamba hakuna lililobadilika.

Huku kwetu jambo hili si dogo. Hesabu ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba mkoani Shinyanga, katika kila wanawake 100 wenye miaka 20 hadi 24, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Katika nchi nzima walikuwa 37. (Geita haikuwa mkoa bado.)

Tena iko sheria nyingine, ya mwaka 2016, inayomtia gerezani miaka 30 mtu amwoaye mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Ni sheria kali, nayo imewaogofya wengi. Lakini tazameni jinsi ilivyozungukwa: ikiwa adhabu yamngoja amwoaye mwanafunzi, basi binti asiwe mwanafunzi. Wako wazazi wanaomwambia mtoto ajibu vibaya mtihani wa darasa la saba, akiisha kushindwa arudi nyumbani, na ng'ombe waje. Mtoto anaijua hesabu vizuri, naye anaandika jibu lisilo kweli kwa kumtii baba yake.

Nasi tusiseme ni ukatili tu. Wengine wameshindwa kulipa deni, au mvua imekosa, na kijana wa machimbo ya dhahabu amekuja na fedha mkononi. Hata hivyo, kumbukeni malalamiko ya Raheli na Lea katika Mwanzo 31, kwamba Labani amewauza, na fedha zao amezila. Mabinti wale walikuwa wameolewa miaka mingi, wana watoto, na jambo hilo lilikuwa halijawatoka moyoni.

Sasa neno kwa walimu. Sheria ya 1971 yataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi alilete. Basi tangazo lenu kanisani si desturi tupu. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na baba aweza kutaja miaka aipendayo. Lakini aliyebatizwa akiwa mchanga, siku yake ya kuzaliwa imo katika kitabu cha ubatizo. Kifungueni mbele ya baba mwenyewe. Aliyebatizwa mkubwa, ulizeni shuleni, maana daftari la darasa la kwanza huonyesha mwaka. Kisha binti aitwe peke yake, aulizwe na mama mmoja wa kanisa, baba akiwa nje. Jina lake liandikwe katika tangazo baada ya hayo, wala si kabla.