Wiki ya Baiskeli, Mbaraki Hadi Tanga

Kwa gari, safari hii ni ya nusu siku tu: kama kilomita 170 za lami kupitia Lunga Lunga. Kwa baiskeli, mkiwa kundi la marafiki, ipeni wiki nzima. Inastahili.

1. Chagueni upepo kwanza. Barabara inaelekea kusini-magharibi, kwa hivyo Januari na Februari kaskazi huwasukuma mgongoni. Jua ni kali, lakini mvua ni haba. Mkienda Julai, kusi itawakabili njia nzima. Aprili na Mei ni masika, kaeni nyumbani.

2. Kutaneni Mombasa, penye Mnara wa Mbaraki, alfajiri. Kivuko cha Likoni kiko karibu, na asubuhi umati hutoka Likoni kuja kisiwani. Nyinyi mnaelekea upande wa pili, basi mtapata nafasi ya kusukuma baiskeli bila kubanana na watu.

3. Mwendo ni wa aliye nyuma. Mwenye miguu yenye nguvu asitangulie. Akae mkiani, na pampu abebe yeye. Hadi Ukunda matatu na malori ni mengi, kwa hivyo fuataneni mmoja mmoja. Ifikapo saa tano tafuteni kivuli na madafu, mwendelee saa tisa.

4. Bebeni tubu za akiba za saizi zenu, lakini msimpite fundi wa kando ya njia. Atazamisha tubu ndani ya karai la maji, afuate viputo mpaka alione tundu, akwaruze kwa msasa, apake solusheni na kubandika kiraka. Huku mikono ikifanya kazi, atawaeleza wapi pana maji ya kunywa na njia ipi ina mchanga. Habari hizo hamzipati kwenye ramani ya simu.

5. Msiukimbilie mpaka. Gazi kuna njia ya mbao ndani ya mikoko, na mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, huuza kaboni na kuelekeza fedha kwenye maji na shule za kijiji. Lipeni kiingilio, mtembee polepole. Shimoni laleni siku mbili: moja ya mapango ya watumwa, nyingine ya kuvuka kwa mashua hadi Wasini mkale samaki.

6. Mpakani Lunga Lunga, kila mtu awe na karatasi zake mkononi: pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nguo msizifunge kwenye mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019.

7. Kutoka Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka, ondokeni mapema, maana Tanga ni kama kilomita 65 na kabla ya mji kuna Mapango ya Amboni. Tanga baiskeli ni chombo cha kila siku, cha kazini na sokoni, na mafundi si wa kutafuta. Wapeni waoshe cheni na kukaza spoku, kisha pakieni baiskeli kwenye basi la Mombasa.